“Swear”: kuapa, kutukana au kuapiza? Namna ya kuchagua

“Aliniapia, Mheshimiwa. Aliniapia mbele ya wanangu.”

Maneno hayo yalisemwa na mama mmoja aliyesimama katika kizimba cha mashahidi, kwenye mahakama ya mji mmoja wa mwambao wa Kenya, katika kesi kati yake na shemeji yake. Mfasiri nilikuwa mimi, mwaka wangu wa kwanza wa kazi hiyo. Nikamgeukia hakimu nikasema: “He swore at me in front of my children.” Hakimu akaandika, kesi ikaendelea. Sentensi mbili mbele, mama akasema kwamba tangu siku ile halali nyumbani kwake. Amehamia kwa dada yake na watoto wote. Hapo nikashtuka. Hakuna anayehama nyumba kwa sababu ya tusi. Nilichokuwa nimemwambia hakimu ni kwamba shemeji alitukana. Alichosema mama ni kwamba shemeji alikula kiapo juu yake, kwamba hatatulia mpaka amdhuru. Nikaomba ruhusa, nikasahihisha: “He swore he would harm me.” Hakimu akakata mstari wa kwanza kwa kalamu, akaandika mwingine juu yake.

Kutumia lugha ya matusi ni kosa moja, kutishia maisha ya mtu ni kosa jingine kabisa, na yote mawili yalikuwa yamejificha ndani ya neno moja la Kiingereza. Kamusi haitakuokoa hapo. Ukifungua kwenye “swear” utapewa apa, la kiapo, tukana, pengine na apiza, yote kwa mkupuo, bila kuambiwa ni lini uchukue lipi. Kwa hiyo ninayaweka hapa kando kwa kando, pamoja na majirani zake “vow”, “pledge”, “promise” na “curse”, kwa ajili ya mwanafunzi, mfasiri, mwandishi wa habari, na yeyote anayeandika yale maandishi yanayopita chini ya filamu.

Daraja la Kiingereza na daraja la Kiswahili

“Swear” ni neno la zamani sana. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa “swerian”, na maana yake ilikuwa moja tu: kuapa. Hata “answer”, neno la kila siku la kujibu, limetoka katika mzizi huohuo. Kwanza lilikuwa kiapo cha mtu anayejibu tuhuma. Matusi yalikuja baadaye, na yaliingia kwa mlango wa dini. Watu walizoea kuapa ovyo kwa Mungu, kwa damu ya Kristo, kwa majeraha yake, sokoni na kilabuni, kwa jambo lisilo na uzito wowote. Amri inasema usilitaje bure jina la Bwana Mungu wako, na hao walikuwa wakilitaja bure kutwa nzima. Basi kuapa ovyo kukawa ndiyo lugha chafu, na polepole kila neno chafu, hata lisilomtaja Mungu, likaitwa kwa kitenzi hichohicho.

Sheria za Uingereza zimeweka alama ya safari hiyo. Mwaka 1606 Bunge lao lilipitisha sheria ya kumtoza pauni 10 yeyote atakayetaja jina la Mungu, Kristo, Roho Mtakatifu au Utatu kwa dhihaka katika mchezo wa jukwaani. Mwaka 1745 ikaja nyingine iliyopanga faini kwa hadhi ya mtu: kibarua, askari au baharia shilingi 1, aliye juu yao lakini si bwana mkubwa shilingi 2, bwana mkubwa na kuendelea shilingi 5. Sheria hiyo ilidumu hadi 1967. Watu nao wakatafuta njia za kukwepa. Majeraha ya Mungu yakafupishwa yakawa “zounds”, “God” akageuzwa “gosh” na “golly”, Yesu akawa “gee”, na “damn”, ambayo ni laana kamili, ikalainishwa kuwa “darn”.

Msomaji wa Bukavu au Bujumbura anayejua Kifaransa ameshazoea jambo hili, maana “jurer” nayo ni kuapa na ni kutukana. Wajerumani wametenganisha: “schwören” ni kuapa, “fluchen” ni kutoa lugha chafu.

Sisi pia tumetenganisha, ila mipaka yetu haipiti palepale. Tusi la Kiswahili halitokani na jina la Mungu. Linamwendea mama wa mtu, linakwenda kwenye viungo vinavyositiriwa; ndiyo tunayoyaita matusi ya nguoni. Mtu akitaja Mungu ovyo mara ishirini kwa siku tutasema hana adabu na dini, lakini hatutasema ametukana. Kwetu kiapo kiliunganishwa na kitu kingine, nacho ni laana. Sikiliza maneno yenyewe: kuapa, kuapiza, maapizo. Ni mzizi mmoja. Kwa desturi yetu anayeapa anajiapiza kwa masharti. “Kama nimechukua hiyo pesa, nisiione kesho.” Mtazame mtoto wa miaka saba anayesingiziwa kwamba amekula sukari: analamba kidole cha shahada, anakipitisha shingoni kutoka sikio hadi sikio, kisha anakielekeza juu. “Haki ya Mungu!” Hakuna aliyemfundisha, amewaona wenzake. Shingo ile ameiweka rehani.

Hiyo ndiyo tofauti ninayomwomba mfasiri aishike kabla ya kingine chochote. Kiingereza kilijenga daraja kutoka kiapo kwenda kwenye tusi. Kiswahili kilijenga daraja kutoka kiapo kwenda kwenye laana. Ukivuka la kwao ukidhani ni letu, utashukia ng’ambo usiyoijua.

Mahali pazuri pa kuona jambo hili ni Injili ya Mathayo, sura ya 26, aya ya 74, Petro alipobanwa uani kwa mara ya tatu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema alianza “to curse and to swear”. Vijana wengi wanaosoma kwa Kiingereza cha leo wanaelewa kwamba Petro alianza kutoa matusi. Msomaji wa Kiswahili hana shida hiyo: “Ndipo akaanza kulaani na kuapa akisema, Simjui mtu huyu.” Alijitakia mabaya kama anasema uongo, akaapa. Na alikuwa anasema uongo. Uzito wa aya ile uko hapo, na kwa Kiswahili uko wazi hata kwa mtoto.

Kuapa au kutukana: tazama kinachofuata

Unapokutana na “swear” ndani ya sentensi, usilitazame lenyewe. Tazama neno linalofuata.

“She swore at the driver.” Alimtukana dereva.
“She swore to the officer that she had paid.” Aliapa mbele ya ofisa kwamba alilipa.
“He swore to kill his brother.” Aliapa kumuua ndugu yake.
“She swore him to secrecy.” Alimwapisha kwamba hatamwambia mtu.
“He hit his thumb and swore.” Alijigonga kidole gumba, tusi likamtoka.

Kikiwepo “at”, ni matusi, na ninaweza kusema bila wasiwasi kwamba ni hivyo karibu kila mara. Ikiwepo “to” au “that”, ni kiapo. Hatari iko pale ambapo hakuna kinachofuata. “He swore in court” inaweza kuwa shahidi aliyeshika Kitabu na inaweza kuwa mshtakiwa aliyekosa adabu, na hapo lazima usome aya nzima. Kama huwezi kuipata aya nzima, muulize aliyekupa kazi. Usibahatishe.

Kuelekea upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kitenzi cha kuogopwa ni kile kile kilichoniangusha: kuapia. “Alimwapia” inaweza kuwa alimhakikishia kwa kiapo, na inaweza kuwa alimtishia. “Alimwapia mkewe kwamba hatakunywa tena” ni ahadi nzito. “Alimwapia jirani yake” ikisimama peke yake, hasa pwani, masikio yangu leo yanasikia tishio. Hakuna hata mara moja ambapo ni “swore at”.

Filamu zina mtego wao. Niliwahi kuona tamthilia ya Marekani ambayo baba anamwambia rafiki yake, watoto wakiwa mezani: “Don’t swear in front of the kids.” Chini ya picha kukaandikwa: “Usiape mbele ya watoto.” Mtazamaji wa Tanga au Kigoma anabaki akijiuliza kwa nini watoto wasisikie kiapo, pengine familia ile ina dini kali. Ilitakiwa tu, “Usitukane mbele ya watoto,” au kwa namna tunavyosema nyumbani, “Chunga mdomo, kuna watoto hapa.” Katika tamthilia hiyohiyo kulikuwa na “swear jar”, chombo ambacho kila anayetoa neno chafu anatumbukiza sarafu. Kopo la faini ya matusi. Jina refu kidogo, lakini kila mtu ataelewa.

Na yule mhusika anayepigwa na mshangao akasema “Jesus Christ!” usimwandikie “Yesu Kristo!” Mtazamaji wako atadhani ameanza kusali. Kama ni mshtuko, “Mungu wangu!” au “Mama yangu!” inatosha. Kama ni hasira, tafuta neno la hasira.

Kuapa, kula kiapo, kuapishwa

Hapa Kiswahili ni tajiri kuliko Kiingereza, na utajiri huu haufai kuachwa ulale.

Kuapa ni tendo la ulimi. Unaweza kuapa jikoni, dukani, njiani. Kula kiapo ni ibada: kuna anayekuapisha, kuna maneno yaliyopangwa, kuna kitu mkononi au kinywani. Kitenzi “kula” si pambo. Zamani kiapo kililiwa kweli. Mtu alipewa mkate, au dawa, au nyama, na kile alichokimeza ndicho kilichotarajiwa kumshughulikia tumboni kama amedanganya. Tena neno kiapo lenyewe lilikuwa na maana ya jaribio la kumtambua mwenye hatia: miongoni mwa Wamijikenda mtuhumiwa aliweza kuguswa na shoka lililotiwa motoni, na asiye na kosa hakutarajiwa kuungua. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo, msitu wao mtakatifu, akawalisha viapo, wanawake kiapo kiitwacho mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatawatii Waingereza. Miaka ya 1950 huko Kenya ya kati watu walikula kiapo cha Mau Mau na nyama ya mbuzi. Kiingereza kikisimulia mambo hayo husema “they swore”, au “they took an oath”. Ukitafsiri “they swore” ya Kaya Fungo kwa “waliapa” tu, umeondoa chakula, mizimu na hofu. “Walikula kiapo” inavirudisha vyote.

Wapo wanaopenda “kula yamini”. Ni Kiswahili safi, chenye harufu ya ushairi. Yamini katika Kiarabu ni kiapo na ni mkono wa kulia, mkono uleule unaoinuliwa mahakamani hadi leo. Ningelitumia katika riwaya au shairi. Katika taarifa ya habari ningeliacha.

Kuapishwa ni kwa madaraka. “Sworn in” ni kuapishwa, basi. Samia Suluhu Hassan aliapishwa Ikulu ya Dar es Salaam tarehe 19 Machi 2021. Yeye aliapa, aliyemwapisha ni Jaji Mkuu, na Kiswahili kinakuruhusu kuonyesha nani alifanya nini bila kuongeza hata neno. Halafu kuna kiambishi kidogo ambacho Kiingereza hakina. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alikula kiapo mbele ya umati katika bustani ya Uhuru, Nairobi, kama rais wa wananchi. Waliompinga walisema “amejiapisha”. Wafuasi wake walisema “ameapishwa”. Ile -ji- ina hukumu ndani yake, na mwandishi anayeitumia ajue kwamba ameshachagua upande. Anayetaka kusimama kati atasema “alikula kiapo”, maana hilo lilitokea mbele ya macho ya watu wote.

Maneno yenyewe ya kiapo hayachezewi. Tarehe 20 Januari 2009 Jaji Mkuu wa Marekani, John Roberts, alipomwapisha Barack Obama alilisogeza neno “faithfully”, yaani kwa uaminifu, kutoka mahali pake. Kesho yake jioni wakarudia kiapo kizima ndani ya Ikulu, ili pasiwe na shaka yoyote. Neno moja tu, nalo halikuwa limeachwa, lilikuwa limehama. Mfasiri wa viapo akumbuke siku hiyo.

Katika kiapo hicho cha Marekani utaona pia “swear or affirm”. Hilo “affirm” lina historia ya watu waliokataa kuapa kwa kusoma Mathayo 5:34, “Usiape kabisa”, na kulichukua neno kama lilivyo. Waquaker, dhehebu la Kikristo, ndio wanaojulikana zaidi, na Uingereza iliwaruhusu kutoa tamko badala ya kiapo tangu miaka ya 1690. Kisha wakaja wasioamini Mungu. Charles Bradlaugh alichaguliwa mbunge mwaka 1880, akazuiwa kukaa kwenye kiti chake hadi 1886 kwa ugomvi wa kiapo. Kwa Kiswahili “affirm” ni kuthibitisha, na kwetu jambo hili si la vitabuni. Chukua hati ya kiapo yoyote inayogongwa muhuri kwa wakili Dar es Salaam na usome mistari miwili ya juu. Mara nyingi Mkristo ameandikiwa “naapa na kueleza kama ifuatavyo”. Mwislamu ameandikiwa “nathibitisha na kueleza kama ifuatavyo”. Ukitafsiri hati hizo, usiziweke zote “swear” kwa kuwa juu pameandikwa “affidavit”. Kama mtu amethibitisha, andika “affirm”. Nimeona hati ikirudishwa kwa sababu hiyo, na mwenye nayo alikuwa amesafiri siku nzima kuifuata.

“Swear”, “vow”, “pledge”, “promise”: ngazi nne

Kwa haraka, “promise” ni kuahidi, nayo haina fumbo. Ahadi ni deni, tunasema, na deni ni la mtu kwa mtu. Mungu hakuitwa awe shahidi. Ndiyo maana “I promise” isitafsiriwe “naapa” hata kama mhusika analia machozi. Akitaka kuapa, ataapa.

“Pledge” inachanganya watu bure. Asili yake ni rehani, kitu unachokiacha kwa mwenzio mpaka utimize neno lako, na hata leo katika mikataba ya benki maana hiyo ipo. Lakini katika maisha ya watu “pledge” ni ahadi inayotolewa hadharani, mara nyingi ya fedha au ya utii. Fungua daftari la kamati yoyote ya harusi: safu ya jina, safu ya ahadi, safu ya kilichotolewa. Safu ya kati ndiyo “pledge”. Wana-TANU walikuwa na ahadi zao kumi: “Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja”, “Rushwa ni adui wa haki; sitapokea wala kutoa rushwa”. Hawakuziita viapo, na walikuwa sahihi. Watoto wa shule Kenya walisema kila gwaride, “I pledge my loyalty to the President and Nation of Kenya”; hiyo ni naahidi, si naapa.

“Vow” ndiyo inayohitaji moyo. Kuna neno lake kamili, nadhiri, lililotoka Kiarabu na likakubalika msikitini na kanisani. Nadhiri ni neno ulilompa Mungu mwenyewe. Yeftha aliweka nadhiri kabla ya vita, Hana akaweka nadhiri akiomba mtoto. Mtu wa Lamu anaweka nadhiri kwamba mwanawe akipona atafunga siku tatu. Masista wanaweka nadhiri za usafi wa moyo, ufukara na utii. Tazama kwamba nadhiri huwekwa na kutimizwa, hailiwi. Anayeapa anamwita Mungu awe shahidi wa maneno yake kwa watu. Anayeweka nadhiri anasema na Mungu moja kwa moja. Kiingereza nacho huitunza tofauti hiyo, ingawa vijana wake huanza kuisahau.

Lakini “wedding vows” zinataka uangalifu. Wengi huandika “viapo vya ndoa”, na nimezoea kulisikia. Mimi huchagua “ahadi za ndoa”, kwa sababu ukisikiliza ndoa ya Kikatoliki, bwana harusi anasema “naahidi kuwa mwaminifu kwako, katika taabu na raha, katika magonjwa na afya”. Naahidi. Neno liko kinywani mwake. Na kama hadithi unayoitafsiri inahusu ndoa ya Kiislamu, usiweke viapo wala ahadi: kuna kuozesha na kuna kukubali. “Nimekubali kumuoa,” basi, ndoa imefungwa.

Halafu kuna “vow” ya hasira, “he vowed revenge”. Hiyo si nadhiri. Aliapa kulipiza kisasi. Ukimwekea nadhiri umempa utakatifu asioustahili.

“Curse”: jirani anayefanana naye kupita kiasi

“Curse” nayo ina sura mbili kama “swear”. “He cursed loudly” ni alitukana kwa sauti. “The old man cursed them” ni aliwalaani. Wamarekani wana “cuss”, ambayo ni “curse” iliyopunguzwa matamshi, na hiyo ni matusi tu, haina laana. Tofauti kubwa ya kushika ni kwamba “swear” haiwezi kabisa kumaanisha kumlaani mtu. Ukiona mzee kijijini anamtakia mwanawe asizae, hiyo si “swearing” hata iweje.

Upande wetu kuna maneno matatu ya kupima. Kulaani ndilo pana, la dini na la kila siku. Laana inaweza kutoka kwa Mungu, kwa mzazi, kwa taifa. Serikali husema “tunalaani vikali kitendo hiki”, na hapo Kiingereza chake ni “condemn”, usithubutu kuweka “curse”. Kuapiza ni kwa mwenye uchungu: aliyeibiwa, aliyedhulumiwa, asiye na mahali pa kushtaki, anainua mikono na kutamka kitakachompata aliyemtendea. Dua la kuku halimpati mwewe, wanamjibu wenye nguvu, na methali hiyo inazungumzia hasa maapizo ya mnyonge. Kisha kuna radhi. Mama anayemwondolea mwanawe radhi hajatamka laana yoyote, amemwondolea kinga. Nimewahi kuona ikiandikwa “his mother cursed him”. Hapana. “His mother withdrew her blessing” iko karibu zaidi, ingawa hata hiyo haibebi ule ubaridi unaoingia nyumbani mama anapotamka neno hilo.

Misemo ambayo haina kuapa wala kutukana ndani yake

“My grandmother swears by ginger.” Bibi haapi kwa tangawizi. Bibi anaiamini mno tangawizi, kwake hakuna dawa kama hiyo. “Swear by” ni kiapo tu inapofuatwa na Mungu, Kitabu au kitu kitakatifu. Ikifuatwa na dawa, gari au aina ya unga, ni imani ya uzoefu.

“He swore off alcohol”: ameacha pombe kabisa. “I could have sworn I locked the door”: nilikuwa na hakika kabisa kwamba nilifunga mlango. “I can’t swear to it”: sina hakika ya kutosha. “Sworn enemies” ni mahasimu wasiopatana. Hakuna aliyeapa chochote. “Sworn translator”, kwa upande mwingine, ni mfasiri aliyeapishwa, maana huyo aliapa kweli.

“I swear!” na Wallahi

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo linalonipa kazi kuliko yote. Kijana wa London au Chicago anaanza kila sentensi ya tatu kwa “I swear”. Hasemi uongo, haapi pia. Anatia chumvi maneno yake. Ukimwandikia “naapa” kila mara, atasikika kama yuko kizimbani.

Kiswahili kina vipimo vyake. “Kweli tena” ni nyepesi. “Haki ya nani” ina moto kidogo na mtu haitaji Mungu waziwazi, ni njia yetu ya kukwepa kama ile ya “gosh”. “Haki ya Mungu” ni nzito zaidi, na “Mungu mmoja!” ni ya vijana wa Dar, fupi na kali. “Wallahi” ni kiapo. Wengine huitumia kama chumvi, lakini anayejua dini yake anajua kwamba Kurani, katika Sura ya Al-Maida aya ya 89, inatenganisha viapo vya upuuzi, ambavyo Mungu hamshiki mtu kwavyo, na viapo vilivyofungwa kwa dhati, ambavyo mtu akivivunja ana kafara: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Mwenye kusema “Wallahi, Billahi, Tallahi” kwa utulivu, akikutazama usoni, hatii chumvi. Huyo muandikie “I swear to God” kwa Kiingereza, wala usimpunguzie.

Ukitoka Kiingereza kuja huku, angalia anayesema ni nani. Usimtilie “Wallahi” mchungaji wa Texas. Usimwekee msichana wa Kibaptisti “Haki ya Mungu” kama yeye mwenyewe alikwepa akasema “I swear” bila kumtaja Mungu; mpe “kweli tena” au “haki ya nani”. Na kama katika hadithi nzima mhusika mmoja alisema “I swear” mara hamsini za mzaha, kisha mara ya hamsini na moja akaisema akiwa ameshika mkono wa mama yake mgonjwa, zile hamsini ziandike kwa maneno mepesi ya kila aina. Neno naapa litunze kwa ile moja.